Kamongo wa Nesi Perusi

Bhoke na Mugeta, meza ni yenu sasa. Macho yangu yameanza kuona springi mbili mahali penye moja, na fundi wa namna hiyo atakuja kumrudishia mtu tochi ikiwa na upungufu. Mliniambia, "Bibi, andika basi hayo unayotuambiaga, usije ukaondoka nayo." Nimeandika. Shule niliishia darasa la tatu kule Guta, kwa hiyo msome polepole kama mimi nilivyoandika polepole. Habari za vyeo hazimo. Kwenye meza ya tochi hakuna cheo, kuna aliyekaa na aliyesimama, na mimi nilianza kwa kusimama.

Nilianzia sokoni Bunda. Nilikuwa nauza maandazi jirani na fundi mmoja anaitwa Kisyeri, mtu wa Butiama, mrefu, mkimya, anavaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa anatengeneza redio, pasi za mkaa na tochi. Tochi ndizo zilizomletea watu, maana wenye ng'ombe na wanaolinda marobota ya pamba hawakutembea bila tochi. Nchi ilikuwa na shida kubwa miaka ile, lakini fisi alikuwa hajaambiwa.

Unga wa ngano ulipopotea madukani, na maandazi yangu yakapotea. Nikabaki nimesimama na karai tupu, naona aibu kurudi nyumbani mapema. Kisyeri akaniangalia asubuhi nzima. Halafu akaniuliza:

"Mama Wambura, kucha zako zikoje?"

Nikamwonyesha mikono. Nikadhani anataka kunisema kwa uchafu.

"Zinafaa. Shika hii, kwangua."

Ilikuwa tochi ya bati, springi yake imeota kutu ya kijani kama ukoga wa mtungi. Nikakwangua kwa kucha, kwa msasa, kwa kijiti, mpaka chuma kikang'aa.

"Nimemaliza, fundi."

"Bado."

Nikarudia. "Sasa nimemaliza."

"Bado. Geuza."

Nikageuza. Chini ya springi, pale inapokalia kitako, kutu ilikuwa imejaa vile vile. Kisyeri akasema, "Tochi haifi pale unapoona. Ingekuwa inafia pale, mwenyewe angeitengeneza." Hilo ndilo somo la kwanza, na mengine yote yaliyofuata ni matawi yake.

Mama Nyamisi, aliyeuza dagaa upande wa pili, akanicheka soko zima likasikia. "We Mama Wambura! Umeacha kukaanga maandazi, sasa unakaanga betri?"

"Hizi hata nikichelewa kugeuza haziungui," nikamjibu. Kesho yake aliniletea tochi ya mume wake, lakini aliificha kwenye kanga.

Nyie watoto wa juzi hamjui betri ilikuwa kitu gani. Zikifika duka la kijiji, habari inafika kabla ya gari. Mtu akipata jozi moja anaitunza kama mbegu. Ikianza kuchoka haitupwi. Kuna waliokuwa wanaziuma kwa meno, Wambura mwanangu mmoja wao, nikampiga kofi. Kuna waliozichemsha. Lakini karibu kila nyumba iliyokuwa na bati, ukipita mchana ulikuta betri zimeanikwa juu, zimepangwa kama samaki. Jioni zikishuka zina moto, zinamulika vizuri kidogo, na watu wakasema jua limeingia ndani.

Kisyeri hakupenda. Alikuwa analima kwa plau kwao Butiama, na maneno yake mengi aliyatoa shambani. Akaniambia, "Betri ni kama ng'ombe wa plau. Akichoka, humchomi moto ili aendelee. Unamfungua, anapumzika, kesho anavuta. Hawa watu wanadhani jua ndilo linawasaidia. Kinachowasaidia zaidi ni zile saa ambazo betri imelala juu ya bati bila kazi." Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, nikalisahau. Mnajua mtu anavyosikia neno la maana akiwa na njaa.

Miaka ikaenda. Nikawa nakaa, sisimami tena. Nikajifunza kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, kunyoosha bati la swichi, kusikiliza balbu kwa kuitikisa sikioni. Kisyeri kifua kikamsumbua, akarudi Butiama kwake. Siku ya kuondoka hakutoa hotuba. Alinipa kopo lake la maziwa ya unga lenye vyombo vyote: bisibisi mbili, plaizi yenye mpini wa kamba, mswaki mkuukuu, na kile kipande cha kioo cha kuangalizia ndani ya tochi. Hicho kioo ndicho mnachokitumia mpaka leo, Mugeta, kwa hiyo usikiweke tena chini ya kikombe cha chai.

Mume wangu alipofariki nikahamia Musoma kwa dada yangu Nyakwesi, nikaweka meza karibu na mwalo, pale samaki wanaposhushwa. Mafundi wa redio waliokuwa pale wakaniangalia kama mtu aliyekuja kuomba maji. Mmoja, Magesa, akaniuliza meza ya nyanya iko wapi. Nikamwambia nyanya zimechelewa, kwa sasa alete tochi. Hakuleta, lakini wavuvi walileta, maana tochi ya mvuvi inakufa kila wiki. Maji yanaingia, magamba yanaingia, mara moja nilikuta samaki mdogo, furu, mzima mzima amekauka nyuma ya balbu. Nikamwita mwenye tochi, nikamuuliza kama anataka na mboga yake.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Vitu vikaanza kuonekana madukani, kwanza kwa kuchungulia, baadaye kwa kumwagika. Sabuni, khanga, viatu vya mitumba, na tochi za kila rangi. Ndipo tukaona tochi moja ndogo ya mfukoni, ya manjano, mwili wa mpira mgumu. Kichwa chake kinafungwa kwa kuzungusha, ndani ya kichwa kuna pete nyembamba ya mpira ya kuzuia maji, na swichi imefunikwa na ngozi laini ya mpira, unabonyeza juu yake. Muuzaji aliiweka kwenye ndoo ya maji ikiwaka, watu wakajaa. Wavuvi wakaipa jina palepale: kamongo. Kamongo ni samaki wetu asiyejali, ziwa likirudi nyuma anajizika kwenye tope, maji yakirudi anatoka. Mafundi wa mwaloni tukanuna. Tochi isiyoingia maji ilikuwa habari mbaya kwenye meza yetu.

Hatukununa muda mrefu.

Sasa nafika kwa Nesi Perusi, na hapa mtulie, maana hili ndilo nililotaka mlijue kuliko yote.

Perusi alikuwa nesi kwenye zahanati ya kijiji upande wa Kiriba. Mfupi, mwenye haraka, anacheka kabla hajamaliza sentensi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha. Ng'ambo ya ghuba kulikuwa na vitongoji ambavyo kwa miguu ni kuzunguka kutwa nzima, lakini kwa mtumbwi unafika. Mama wa ng'ambo akishikwa na uchungu, wanatuma mtu, na Perusi anavuka. Uchungu una tabia ya kuanza jua likizama, hilo mimi mwenye watoto sita sihitaji kuambiwa. Mpiga makasia wake alikuwa Mzee Masatu, mlinzi wa zahanati. Njiani kuna mawe, mengine yamejificha chini kidogo tu ya maji, na bila mwanga unayagundua kwa mbavu za mtumbwi. Ndugu zake Perusi wa Musoma walimnunulia kamongo. Akafurahi, akaja nayo mpaka kwenye meza yangu nimwonyeshe namna ya kubadilisha balbu.

Wiki hazikuwa nyingi, akarudi.

"Shikamoo Mama Wambura."

"Marahaba nesi. Kamongo hajambo?"

"Kamongo anazama." Akaiweka mezani. "Nikiondoka Kiriba inawaka vizuri. Nikifika katikati ya maji inapungua. Nikifika ng'ambo kioo kina ukungu, taa kama jicho la mgonjwa. Mara ya mwisho nimemshona mama wa watu kwa koroboi, bibi yake ameishika anatetemeka, mafuta ya taa yananidondokea mkononi. Amepona. Lakini mimi sirudii."

"Imeanguka majini?"

"Haijaanguka. Inakaaga kwenye kikapu changu, naitoa tukikaribia mawe tu."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na unyevu, matone madogo kwenye kile kikombe kinachong'aa cha kuzunguka balbu, na alama ya kijani imeanza kwenye springi. Nikasema pete. Mtu yeyote angesema pete. Nikaitoa, ilikuwa imepakwa mafuta ya sangara.

"Nani amepaka haya?"

"Mzee Masatu. Anasema yanazuia maji."

"Yanazuia na akili. Mpira ukila mafuta ya samaki unavimba, na mende wanaukuta mtamu." Nikaweka pete mpya, nikapaka grisi ile nyeupe kidogo sana, kama mtu anayepaka wanja. Nikaitumbukiza kwenye beseni, nikaweka jiwe juu, nikahudumia wateja. Baadaye nikafungua mbele yake. Kavu kama unga.

Akaondoka anacheka. Akarudi hacheki.

Nikabadilisha pete tena. Nikabadilisha na ile ngozi ya swichi, nikakata nyingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nikaweka beseni, kavu. Nikaipeleka mwenyewe mpaka ziwani nikaifunga kwa kamba nikaizamisha pale wanapooshea samaki, wanawake wakaniuliza kama navua kwa chambo cha manjano. Kavu. Kwenye meza yangu ile tochi haikuwa na ugonjwa. Ikienda Kiriba inaugua.

Aliporudi mara ya tatu, Perusi alikaa kwenye kiti cha mteja muda mrefu.

"Tabibu Mafuru ameniambia maneno," akasema. Mafuru ndiye alikuwa mkuu wa zahanati. "Anasema ikizimika mara moja nyingine, sivuki tena jua likishazama. Na wale kina mama wa ng'ambo, Mama Wambura, watazaa na nani? Kabla sijaanza kuvuka walikuwaga wanasubiri asubuhi. Wengine asubuhi haikuwakuta."

Magesa kwenye meza yake akasema kwa sauti, "Mwambie anunue nyingine tu, siku hizi ziko." Perusi akamwangalia. "Nilinunua nyingine, baba. Imefanya vile vile."

Hapo ndipo nilipoanza kupona upofu. Tochi mbili, ugonjwa mmoja. Basi ugonjwa haukuwa ndani ya tochi. Nikamuuliza Perusi kitu ambacho nilitakiwa kumuuliza mwanzo.

"Ukiifungua ng'ambo, inafanyaje?"

"Inafanyaje vipi?"

"Unapozungusha kichwa. Unasikia nini?"

Akafikiri. "Inashusha pumzi. Fyuu. Kama mtu aliyechoka."

Pete yenye kasoro haishushi pumzi. Nikafunga kopo la vyombo, nikafunika meza kwa gunia. Dada yangu Nyakwesi akaniambia fundi anayemfuata mteja nyumbani ni fundi asiye na kazi. Nikamwambia kazi ninayo, ila iko Kiriba. Kulikuwa na lori limeleta mihogo linarudi tupu, nikapanda na Perusi.

Tulifika zahanati mchana, jua kali. Tabibu Mafuru alitoka, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanisalimu kwa heshima, akasema, "Mama, mimi sina ugomvi na tochi. Nina ugomvi na mawe ya kwenye ghuba. Nina nesi mmoja tu na mlinzi mmoja tu. Siwezi kuwapa ziwa wote wawili kwa siku moja." Nikaona ana haki. Nikamwambia anipe jioni ile moja, na watu wa pale wafanye kila kitu kama wanavyofanyaga siku zote, wasinifichie na wasinisaidie.

Mzee Masatu alikuwa amekaa kwenye kigogo anasuka kamba ya nanga. Nikamwamkia. Nikamuuliza anavyoitayarisha tochi ya nesi. Uso wake ukafunguka, maana hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza.

"Naitunza mimi mwenyewe, mama. Siwezi kumwachia mtu. Nikiona kuna mama ng'ambo amekaribia siku zake, mchana nazitoa betri, napanda nazianika kwenye bati. Na tochi yenyewe naianika imefunguliwa, ikauke vizuri ndani. Jua likianza kushuka nazitoa zikiwa na moto wake, natumbukiza haraka, nafunga kwa nguvu moto usitoke. Halafu namwekea nesi kwenye kikapu, kikapu naweka chini kabisa ya mtumbwi, isije ikadondoka."

"Na chini ya mtumbwi kuna maji?"

"Mtumbwi gani usiokuwa na maji chini?"

Nikakumbuka jiko langu la Guta. Mmeshaona sufuria ya uji iliyofunikwa kabisa ikiwa ya moto, ikipoa mfuniko unanata mpaka uupigie kijiko? Kitu cha moto kikifungwa kikapoa, kinataka kuvuta. Kisipopata hewa kinavuta chochote kilicho mlangoni. Na mlangoni kwa kamongo kulikuwa na maji.

Lakini kujua mwenyewe si kitu, ilibidi wote waone. Nikamwomba Mzee Masatu afanye kazi yake. Akazianika betri, na jua lilipoanza kushuka akazishusha kwenye bati, anazirusharusha mkononi zisimuunguze. Akafunga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukateremka ufukweni, mimi, Perusi, Mafuru na yeye, jua bado liko juu kidogo. Akaiweka chini ya mtumbwi kwenye yale maji ya baridi. Nikasema, "Angalieni ngozi ya swichi."

Mwanzo ilikuwa imetuna kidogo, kama shavu la mtoto anayekula. Ikalala ikawa sawa. Halafu, mbele ya macho yetu, ikaanza kubonyea, inaingia ndani, inaingia, mpaka ikawa shimo. Hakuna aliyeigusa. Mafuru akavua miwani, akaivaa tena. Tukasubiri. Nikaitoa, nikaifuta vizuri kwa kanga, nikazungusha kichwa. Fyuu. Na matone yakaanguka kwenye kiganja changu.

"Hee!" Perusi akasema. "Imevuta."

Mzee Masatu akainama akayaangalia yale matone kama mtu anayeangalia damu yake. Kisha akasema taratibu, "Kumbe. Kamongo yule wa ziwani anapandaga juu kuvuta hewa. Huyu wetu amevutia chini."

Nimekuwa na mafundi wengi mezani tangu siku ile. Hakuna aliyelieleza vizuri kuliko mpiga makasia huyo.

Halafu akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. "Basi ni mimi niliyekuwa nawazimia taa wale kina mama."

"Si wewe, baba," nikamwambia. "Ni ile miaka. Tulifundishwa kuanika na shida, na kwenye tochi ya bati hakukuwa na ubaya, ina matundu kila mahali, inapumua inavyotaka. Hii imezibwa. Mtu mgeni ameingia nyumbani, tumempa chakula cha zamani."

"Lakini nisipoanika, betri hazifiki ng'ambo. Hizi zimechoka, mama. Sina nyingine."

Hapo ndipo Tabibu Mafuru alipotikisa kichwa, nikaona anaanza kurudi kwenye uamuzi wake. Tochi kavu isiyo na nguvu haisaidii kuliko tochi yenye ukungu. Na betri kijijini zilikuwa bado za shida, ruksa ilifika Musoma kabla ya Kiriba. Nilisimama pale, maji yananilamba miguu, na kutoka mbali sana nikamsikia Kisyeri na koti lake. Humchomi moto. Unamfungua, anapumzika, kesho anavuta.

"Ziwe jozi mbili," nikasema. "Jozi moja inavuta, jozi nyingine imefunguliwa, imelala kivulini. Nesi akirudi, zilizovuta zinatoka, zinalala mpaka safari nyingine. Msizianike. Mkizipumzisha zitawafikisha."

"Jozi ya pili itatoka wapi?" Perusi akauliza.

Mafuru akaondoka kuelekea zahanati bila kuaga, nikadhani tumemuudhi. Alirudi na betri mbili kiganjani, ndogo, saizi ile ile. Alikuwa amezitoa kwenye redio yake.

"Taarifa ya habari itanisamehe," akasema. "Safari moja, Perusi. Moja. Ikizimika, tumemaliza maneno."

Kabla sijaondoka nilimfundisha Mzee Masatu, na sasa nawaandikia nyie vile vile. Kamongo hafungwi akiwa na moto. Muache wazi kivulini, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, mpaka ukimshika mkono usijue yupi ni mtungi na yupi ni tochi. Futa pete kwa kitambaa kisicho na nyuzi, hata unywele mmoja unapitisha maji. Grisi ya kung'arisha tu, siyo samli, siyo sangara. Funga mpaka pete ikamate, basi, usifunge kama unamnyonga mtu, pete ikibanwa sana inajikunja na kutoka nje. Na kikapu kitundikwe, kisilale kwenye maji. Bhoke, mteja akikuletea tochi isiyoingia maji na ina ukungu ndani, usikimbilie pete. Muulize kwanza: jana ililala wapi, na ilifungwa ikiwa na hali gani. Nusu ya ugonjwa wa tochi uko nyumbani kwa mwenyewe, na hatauleta mezani mpaka umuulize kwa adabu.

Nikarudi Musoma. Siku zile nilizosubiri nilitengeneza vibaya kila kitu. Nilimrudishia mvuvi mmoja, Manyama, tochi isiyo na balbu, akanirudia anacheka. Kila mtumbwi ukigusa mchanga nilinyanyua shingo. Nyakwesi akaniambia, "We tochi ya watu itakuua." Nikamwambia siyo tochi. Ilikuwa mama mmoja wa ng'ambo nisiyemjua jina, nimemwagiza Perusi aniulizie, na mimi majina nayajuaga yote, kwa hiyo aliniuma zaidi.

Ikawa asubuhi moja jua limeshapanda, mwalo umejaa, mtumbwi wa dagaa wa upande wa Kiriba umeshusha mzigo. Nikaona kitu cha manjano kinakuja kati ya watu. Perusi, sketi imelowa mpaka magotini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Magesa alimsalimia, hakumsikia. Akafika, akaiweka kamongo katikati ya meza yangu.

Ilikuwa inawaka.

"Nimetoka kwa mzazi alfajiri," akasema, "nikaukuta mtumbwi wa dagaa unakuja huku, nikapanda na hii hii mkononi. Amejifungua salama. Anaitwa Nyabweke, uliniambia niulize jina. Mtoto wa kiume, mbishi, alitangulia miguu. Nimemwona vizuri, Mama Wambura. Nimeona kila kitu."

"Na Mzee Masatu?"

"Amerudi na mtumbwi. Siku hizi mchana anakaaga na betri za ile jozi nyingine kivulini. Kivuli kikisogea anazisogeza. Anazifukuzia jua kama mtu anavyofukuzia kuku kwenye mtama."

Nikaichukua. Kioo safi, hakuna ukungu, ngozi ya swichi imelala sawa. Taa imeshakuwa ya njano, betri zinaelekea kuchoka, na mimi ni mtu wa ile miaka, siwezi kuona taa inawaka mchana moyo ukatulia.

"Zima basi, nesi," nikamwambia. "Unamaliza betri za redio ya watu."

Perusi akaniwekea mkono juu ya swichi nisibonyeze.

"Nimeiacha ikiwaka makusudi," akasema. "Iangalie kwanza."

Tukaiangalia, sisi wawili, inawaka kwenye jua la mwaloni bila kumulika kitu.